Farasi wa Mwaka 1960

"Ni huyu," alisema bikizee, akimpapasa shingoni farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka. "Huyu ndiye niliyemchagua."

Jelagat alisimamisha kiti cha magurudumu. Miaka miwili alikuwa akimhudumia Mmarekani huyu mweusi nyumbani kwake Silver Spring, na kila akimwogesha aliisikia habari hiyo. Kiangazi cha 1960, hapa hapa Maryland, weusi hawakuruhusiwa kuingia bustani hii ya michezo. Bikizee, wakati huo mtoto wa miaka saba, alisimama nje ya uzio, akitazama farasi wakizunguka. Mwaka uliofuata wakaruhusiwa, lakini mama yake akaapa kwamba hawatakanyaga hapo.

Leo amefika, na magoti yamekataa kupanda.

"Basi, binti yangu. Nimemwona, yatosha." Lakini mkono wake haukuiachia ile shingo iliyobambuka rangi.

Kampuni iliyomwajiri Jelagat ilikataza kumbeba mgonjwa. Ukionekana, huna kazi. Jelagat alivua kitambulisho cha kazi, akakitia mfukoni, akachuchumaa mbele ya kiti, mgongo tayari, kama alivyokuwa akimbeba binti yake aliyebaki kwao Kapsabet.

"Panda, nyanya."

Mikono mikavu ikamzunguka shingo.

"Haraka," sauti ikanong'ona sikioni mwake, "kabla hawajatuona."