Nyumba Isiyo na Ngazi

Kalamu ya nesi Nenita ilisita kwenye mstari wa mwisho wa fomu: Sababu ya kutokwa na damu.

Binti aliyelala mbele yake mwili ulikuwa unachemka, na shuka lilishalowa. Matope ya mashamba ya mpunga ya mkoa wa Nueva Ecija yalikuwa yamemkaukia kwenye vidole vya miguu. Kinywa kilinuka ile mitishamba michungu ya kurudisha hedhi inayouzwa nje ya kanisa.

"Huyu katoa mimba," daktari alisema akiwa mlangoni. "Andika hivyohivyo, halafu uwaite polisi. Mimi siendi jela kwa ujinga wa mtu."

Akaenda kunawa mikono.

Nenita aliwahi kuandika hivyohivyo, mwaka juzi, kuhusu msichana mwingine. Yule msichana alifia kitanda hikihiki, mkono mmoja ukiwa kwenye pingu.

Akainama. "Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Uliteleza kwenye ngazi za kwenu, sivyo?"

Binti alimkodolea macho. "Dada, nyumba yetu haina ngazi."

"Kuanzia leo inazo," Nenita alisema huku akiandika. "Tena zina utelezi."