Mkunjo kwenye Kitabu cha Madume

Siku Nyanzobe alipofariki akijifungua mtoto aliyekuwa mkubwa mno, kitabu cha madume, cha kuchagulia mbegu ya kupandishia ng'ombe, kilibaki mezani, ukurasa mmoja ukiwa umekunjwa pembeni. Aliukunja mwenyewe asubuhi ile, akacheka: "Baba nanihii, dume letu huyu hapa. Ndama wake ni magunia!"

Wiki sita baadaye bwana mifugo alikuja kuchukua jibu la dume walilochagua. Lugata, mume wa marehemu, alikifungua kitabu. Chini ya kila picha palikuwa na makadirio ya kinasaba: ndama wa dume huyo wangezaliwa na uzito gani, wangekua kwa kasi gani.

"Shemeji alikuwa na jicho," bwana mifugo alisema, akiugusa mkunjo. "Kwa nyama, huyu hana mpinzani."

Lugata aliipita namba ya nyama. Kidole chake kilishuka hadi kwenye mstari wa wepesi wa kuzaa, kikakaa hapo muda mrefu. Kisha akafunua ukurasa mwingine.

"Niletee mbegu ya huyu."

"Huyu? Kaka, ndama wake kama vibuzi! Wachinjaji watakucheka."

"Wacheke. Mama wa ndama hao watasimama, wawalambe."

Bwana mifugo aliandika. Alipoondoka, Lugata aliurudia ule ukurasa, akaunyoosha mkunjo taratibu kwa kiganja. Alipouondoa mkono, pembe ya karatasi ilijiinua tena.

Msimu huu ng'ombe wake thelathini na mmoja watazaa ndama wadogo.