Taya Lisilotosha

Ginette aliingiza mkono mzima kwenye ufa wa pango, akafumba macho, akapapasa kama anavyopapasa pweza miambani.

"Usiniambie ni mfupa wa mbuzi tena," wifi yake alisema. "Kesho msimu wa kuvua pweza unafunguliwa. Mimi narudi baharini, nimechoka kufukua mabaki ya supu za watu."

Ginette alitoa taya dogo la ndege, limepinda kama kucha.

Mtafiti aliyewaajiri kuchimba alimpa fuvu la kasuku wa kawaida, yule wa kijani anayefugwa kila mahali. "Likimtosha huyu, basi ni la kasuku aliyemtoroka mtu. Yule wetu wa kisiwa hiki cha Rodrigues, aliyetoweka duniani, alikuwa mkubwa zaidi."

Miezi miwili ya uvuvi kufungwa wanawake walikuwa wamechimba, na fuvu lile halikuwahi kutolewa mfukoni, maana hawakupata mfupa wa kulinganisha nalo.

Ginette alipangusa udongo kwa kidole gumba, akalipachika taya kwenye fuvu. Fuvu lilipwaya ndani yake kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

"Halimtoshi," mtafiti alisema taratibu, kisha akaketi palepale topeni.

"Mdomo mkubwa hivyo," wifi alisema, "huyo ni wa ukoo wenu, Ginette."

Wakacheka mpaka pango likawaitikia.

Ginette alikuwa amesharudisha mkono ufani. Mama yake alimfundisha kwamba shimo likitoa pweza, hupapaswa tena.

Uso ukamchanua.

"Wifi, pweza watasubiri," alisema. "Mwenye taya yumo humu."