Kijana wa Magofuni

Picha ya tatu ndiyo iliyomnyima Wangwe hamu ya kula. Mke wake, Mokami, aliyekwenda Roma na kwaya ya parokia, alikuwa amesimama mbele ya nguzo za mawe zilizovunjika: magofu ya Warumi wa kale katikati kabisa ya mji, mabasi yakipita nyuma. Wangwe hakuziangalia nguzo. Aliangalia mkono wa mwanamume begani kwa mke wake.

Akampigia palepale.

“Huyo ni nani?”

“Marko. Ndiye anayetutembeza. Alizaliwa huko kwetu, akalelewa na Waitaliano.”

“Na kukushika ni sehemu ya matembezi?”

“Ni kijana mzuri, Baba Bhoke. Anauliza sana habari zako.”

“Zangu za nini?”

“Kama una ndugu wengi. Kama ukoo wenu una kisukari.”

Wangwe akakata simu. Kumbe kijana anataka kujua mwenye mke atakufa lini.

Picha ziliendelea kuja. Marko na Mokami wakila aiskrimu kwenye ngazi za hekalu lililobomoka. Marko akimwonyesha Mokami paka aliyelala juu ya jiwe lenye maandishi. Wangwe alizikuza kwa vidole mpaka sura zikapotea. Kijana mrefu, mabega mapana, hana hata mvi moja. Kwenye karakana yake ya kuchomelea pale Nyamwaga, Wangwe alifunga bawaba za geti la mteja upande usio wake, akazikata, akakosea tena.

Kisha ukaja ujumbe: “Tunafika Jumamosi. Nakuja na Marko. Naomba usikasirike.”

Jumamosi Wangwe alifika stendi ya Tarime mapema, maneno yote ameshayapanga kichwani. Basi la Mwanza lilipoingia, Marko alishuka wa kwanza, begi la Mokami mkononi. Akaangaza macho, akamwona Wangwe, akamjia moja kwa moja.

“Shikamoo,” alisema, kama mtu aliyelikariri neno hilo njia nzima.

Maneno yote yakamtoka Wangwe kichwani. Akamkaba shati, akainua ngumi.

Mokami alikuja akasimama nyuma ya mumewe. Hakupaza sauti.

“Mwachie, Baba Bhoke. Ile mimba uliyoikataa kule Mugumu kabla hujanioa, ndiyo hiyo umeikaba shati.”