Mshono Chini ya Namba ya Kiwanda

Twalib alifuta grisi kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, na chini ya namba ya kiwanda akauona mshono wa kuchomelea alioutia kwa mkono wake mwenyewe miaka miwili nyuma.

Akaacha kufuta.

Mshono ulikuwa umepinda mwishoni, kama ukucha. Siku alipouchomelea, mwenye gari, mzee mmoja wa mtaa wa Observatory, alicheka akasema hakuna atakayeuona. Mwaka uliofuata mzee huyo alikutwa ameuawa nyumbani kwake, na gari lake la mashindano, la Kimarekani la mwaka 1965, halikuonekana tena.

Sasa lilikuwa hapa karakanani kwake, mtaa wa Doornfontein, limepakwa rangi nyingine. Mteja alilileta asubuhi hiyo, akataka aambiwe ni vipuri gani vya mbio vilivyokuwa vya asili. Alijitambulisha kuwa mtu wa Tanga, kama Twalib.

"Vipi, fundi?" mteja aliuliza nyuma yake.

"Kabureta zote mbili ni za asili," Twalib alisema polepole. "Silinda hedi pia."

"Na manifoldi?"

Twalib aliufunika mshono kwa kitambaa. "Hii ni ya kuiga, kaka. Haina thamani."

Nyayo za mteja zilirudi kuelekea mlangoni.

"Ajabu. Mzee aliniambia ni ya asili, ila kuna fundi aliwahi kuichomelea. Jina la fundi ndilo alilokataa kunitajia."

Twalib hakugeuka. Alisikia mlango wa chuma ukishushwa taratibu, mpaka mwanga wa mchana ukakatika miguuni pake.