Barza ya Mama Sephora

"Hakuna cachet, hakuna barza!" prezida wa komite ya avenue akasema, na nyuma yake nusu ya mtaa wa Kamalondo ilikuwa imejaa njiani kama siku ya ndoa.

Mama Sephora akajisogeza mbele ya mlango wake. Bila cachet, yaani muhuri wa komite, nyundo zingekuja kubomoa. Na yeye, kwa haraka zake, hakungoja ruhusa: asubuhi ileile fundi alikuwa amemimina barza hiyo, benchi ya sementi mbele ya nyumba, ndefu ya kuwatosha wageni wake wote, wale waliozoea kusimulia mambo ya watu wakiwa wamekalia mabidoni matupu ya maji.

"Papa prezida, iko kadogo tu."

"Kadogo? Hii iko inakula njia! Na utaona kila muntu mwenye kupita, na saa anarudia, na iko na nani!"

"Nabaonaka kila siku, papa. Ila nabaona nikiwa nasimama, na magoti inaniuma!"

Umati ukaangua kicheko. Prezida naye akacheka mpaka nguvu zikamwisha, akaivuta suruali yake nyeupe kidogo magotini, akaketi kwenye benchi.

Kicheko kikakatika. Sementi ilikuwa bado mbichi.

Akainuka polepole. Kwenye benchi zilibaki alama mbili za mviringo, nene, safi, hata kifungo cha mfuko wa nyuma kilionekana.

Mama Sephora akarusha mikono juu.

"Muone, bantu bote, muone! Prezida amesha kutia cachet!"