Mama Bembeleza

Mtoto wa kumi na tisa alinyamaza kabla ubeti wa pili haujaisha. Mtafiti akafumbua macho, akatazama saa, akaandika daftarini: sekunde arobaini.

Akiimba ilikuwa lazima afumbe macho na kutikisa kichwa, kama waimbaji wakubwa. Hakuwahi kuwa mmoja wao. Shuleni, mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu, sauti abaki nayo. Na mumewe, kila akimsikia anaimba jikoni, hukumbuka ghafla kwamba gari halijaoshwa.

Ila watoto wachanga hawakuwa na maneno. Kila Jumatatu alikaa kwenye benchi la kliniki, katikati ya akina mama wanaosubiri watoto wapimwe uzito. Mtoto akilia, yeye humwimbia wimbo wa kubembeleza aliotunga mwenyewe, na mtoto hunyamaza. Kumi na tisa kwa kumi na tisa! Akina mama walimpa jina la Mama Bembeleza, naye akalipokea kama shahada. Shahada yenyewe ilikuwa bado mbali: profesa wake alikwisha kumrudishia kazi mara mbili, na ya tatu ndiyo ya mwisho.

"Leo narekodi," aliwaambia. "Profesa asikie kwa masikio yake."

Mtoto wa ishirini alikuwa wa binti mmoja mgeni, siku yake ya kwanza kliniki. Mtoto alipoangua kilio, mtafiti akaweka kinasa sauti benchini, akafumba macho, akaanza.

Ubeti wa kwanza, kilio. Wa pili, kilio kikazidi. Akapandisha sauti. Wa tatu, watoto wa benchi la nyuma nao wakaitikia. Jasho jembamba likamtoka. Aliona miaka miwili ya kazi ikienda na maji. Akajikaza, akaingia ubeti wa nne, ambao haukuwapo. Aliutunga palepale.

Mara, kimya.

Akafumbua macho. Mtoto alikuwa ametulia tuli kifuani pa mama yake. Machozi yakamlenga mtafiti.

"Pole na kazi, Mama Bembeleza," akina mama wakamwambia, karibu kwa pamoja. "Pumzika sasa. Pumzika kabisa."

Jumatano alikuwa ofisini kwa profesa. Kinasa sauti hakukigusa tangu siku ile. Alitaka utamu ule wauonje pamoja. Akakiunganisha na spika, akafungulia sauti hadi mwisho.

"Nyimbo za kunyamazisha watoto," profesa akaguna. "Mara hii una ushahidi?"

"Wee sikiliza tu, Profesa. Ubeti wa nne."

Sauti ya mtafiti ikajaa chumba kizima, kilio cha mtoto kikipanda juu yake. Katibu akaja kufunga mlango taratibu. Profesa akavua miwani, akajishika paji la uso, akavumilia kiume beti tatu.

Wa nne ukaanza. Mtafiti akainua kidole: hapo, hapo sasa. Na hapo, karibu kabisa na kinasa sauti, mama mmoja akanong'ona:

"Mdogo wangu, hebu mpe ziwa, tunateseka wote. Huyu hanyamazi mpaka mtoto anyamaze."